FBP (hesabu ya chembe za damu) ya siku ya kwanza inakuonyesha nani yuko hatarini kupata nimonia baada ya kiharusi: mwongozo kamili wa wodini

Mzee aliletwa kutoka Tukuyu saa mbili usiku kwenye pikapu ya kubebea ndizi, mkono na mguu wa kulia vimelegea, mdomo umepinda, anakoroma lakini ukimwita anafungua macho. Presha 190 kwa 110. Tukapima sukari, tukaweka kanyula, tukatoa damu, kesho yake picha ya CT ya kichwa ikasema kiharusi cha mshipa kuziba, hakuna damu iliyovujia kichwani. Mambo yakaenda fresh mpaka siku ya nne, akaanza kuhema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo, kifua upande wa kulia kinachemka. Nimonia. Nikarudi kwenye faili kuangalia FBP ya usiku ule wa kwanza, chembe nyeupe za aina mbili, nyutrofili 8.4, limfosaiti 1.2. Ile karatasi ilikuwa imebanwa pale siku zote nne na mimi niliisaini kabisa, nimeangalia hemoglobini tu nikafunga faili.

Hospitali niliyokuwepo wakati ule siitaji, haisaidii kitu. Ila tangu hapo nimejifundisha kuisoma FBP ya mgonjwa wa kiharusi kwa namna nyingine na ndo nataka niwaandikie hapa, hasa nyie wenzangu mlioko hospitali za wilaya huku nyanda za juu, Rungwe, Makete, Mufindi, Mbarali, ambako hamna prokalsitonini (kipimo cha damu cha kushuku maambukizi), CRP (kipimo cha damu cha inflamesheni) inapatikana wiki hii wiki ijayo riejenti ya kupimia imeisha, lakini FBP ipo na mgonjwa ameshailipia. Ndugu wa wagonjwa nao wasome, hatua ya mwisho ni yao zaidi kuliko yetu.

Kwanza elewa kinachotokea

Nimonia tunayoizungumzia ni ile inayoingia ndani ya siku 7 za kwanza baada ya kiharusi kwa mtu ambaye hayuko kwenye mashine ya kupumulia. Inaletwa na vitu viwili vinavyokutana. Cha kwanza kila mtu anakijua, koo limepooza, mate na uji vinapita njia ya hewa badala ya njia ya chakula. Cha pili ndo wengi tunakisahau: ubongo ukiumia unapiga kengele kwa neva za msongo na tezi za juu ya figo, kortisoli na adrenalini zinamwagika, na matokeo yake kwenye damu ni kwamba nyutrofili zinapanda huku limfosaiti zinashuka. Kinga inalegea siku chache zile zile ambazo koo nalo limelegea. Ni sawa na mlinzi kuugua usiku ule ule ambao geti limevunjika.

Kwa hiyo uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti, tunauita NLR, unakuonyesha mambo mawili kwa mpigo, inflamesheni, yaani mwako wa ndani ya mwili, umepanda kiasi gani na kinga imeshuka kiasi gani. Ndo maana tafiti nyingi zimekuta wenye NLR kubwa siku ya kwanza wanapata nimonia zaidi kuliko wenye ndogo. Hakuna uchawi hapo, na pia sio hukumu, wapo wenye NLR kubwa wanaotoka salama.

Hatua ya kwanza: mtiririko wa saa ya kwanza, koo kabla ya kikombe

Najua mada ni damu ila ukianza na damu ukaacha koo umepoteza muda. Kabla mgonjwa hajapewa chochote mdomoni, hata vidonge vya presha, hata aspirini, hata maji ya kulainisha koo, pima kumeza. Awe macho, akae wima kabisa, mwambie akohoe, mwambie ameze mate. Akishindwa hapo ishia hapo. Akiweza mpe maji kijiko kimoja cha chai, subiri, kingine, kingine tena, weka vidole kooni usikie koromeo linapanda, msikilize anavyoongea baada ya kila kijiko. Sauti ikiwa ya majimaji kama anaongea huku ana mate kooni, au akikohoa, amefeli. Akipita vijiko vitatu mpe kama mililita 90 kwenye kikombe anywe bila kupumzika, akikohoa ndani ya dakika moja amefeli pia.

Kuna wanaopaliwa kimyakimya, hawakohoi kabisa, maji yanaenda kwenye mapafu na yeye anakuangalia tu. Hao ndo FBP itakusaidia kuwashtukia.

Hatua ya pili: toa damu mapema na uitoe vizuri

Ndani ya saa 24 za kufika, na kama inawezekana kabla ya dozi ya kwanza ya steroidi (dawa kama deksamethazoni) au antibayotiki yoyote. Chupa ya kifuniko cha zambarau, ijaze mpaka kwenye mstari, igeuze taratibu mara 8 mpaka 10, usiitikise kama soda. Damu ikiganda hata kidogo platileti (chembe za kugandisha damu) zinasomeka chini na hesabu nyingine nitakayoitaja inaharibika. Sampuli ifike maabara mapema, isikae dirishani mpaka zamu ibadilike.

Usitoe damu kwenye mkono wenye dripu. Kuna mtu aliwahi kuniambia NLR haiharibiki hata damu ikichanganyika na maji kwa sababu ni uwiano, na kweli kabisa, juu na chini vinapungua kwa pamoja, lakini CRP, platileti na hemoglobini zote zitakudanganya, sasa faida iko wapi.

Agiza FBP yenye mchanganuo, CRP kama ipo, kipimo cha haraka cha malaria, sukari, na ongea na mgonjwa au ndugu kuhusu kipimo cha VVU. Hiki cha VVU sio cha kutimiza wajibu, utaona kwa nini.

Hatua ya tatu: piga hesabu

Chukua nyutrofili gawanya kwa limfosaiti. Basi. Mzee wa Tukuyu: 8.4 gawanya kwa 1.2 ni 7. Unaweza kutumia namba kamili au asilimia, jibu ni lile lile, ila usichanganye, nimeshaona mtu kagawanya asilimia ya nyutrofili kwa namba kamili ya limfosaiti akapata 63 akamwita daktari bingwa usiku.

Sasa mashine. Nyingi za wilayani zinachanganua makundi matatu tu, utaona limfosaiti, za kati, na chembe zenye punje. Hakuna nyutrofili imeandikwa. Hizo za punje ndo nyutrofili kwa sehemu kubwa kwa hiyo zitumie, lakini kumbuka kwenye baadhi ya mashine eosinofili nazo zinahesabiwa humo. Mgonjwa mwenye minyoo au kichocho, na bonde la Usangu mnalijua, anaweza kuwa na eosinofili za kutosha kuipandisha hesabu bure. Kama una wasiwasi muombe mtu wa maabara aangalie slaidi kwa macho, ni kazi ya dakika chache na wengi wanafurahi kuulizwa kitu cha maana.

Hesabu ya pili ukitaka ni SII: platileti zidisha kwa NLR. Platileti 260 mara 7 ni 1,820. Inatumika kwenye tafiti nyingi za miaka ya karibuni. Mi binafsi siioni kama inaniongezea kitu kikubwa juu ya NLR wodini, labda pale ambapo NLR iko katikati na nataka sababu ya kuamua.

CRP soma na kizio chake kwanza! Miligramu kwa lita na miligramu kwa desilita zinapishana mara kumi. Wengine mnatumia ile slaidi ya lateksi inayojibu chanya au hasi, hiyo inaanza kuwa chanya kwenye 6 hivi kwa lita na karibu kila mwenye kiharusi kikubwa anaweza kuvuka hapo, haitabiri chochote, labda maabara wafanye ya kuzimua hatua kwa hatua.

Hatua ya nne: jiulize nani anakudanganya

Hapa ndo pana kazi, na hapa ndo miongozo ya wenzetu wa nje haitufai moja kwa moja.

Anza na asili yetu. Waafrika wengi tuna nyutrofili chache kiasili, inahusiana na jeni ya Duffy, ile ile inayotukinga na malaria ya vivax, mtu mzima mwenye afya anaweza kuwa na nyutrofili ambazo kitabu cha Ulaya kitaziita pungufu. Maana yake NLR yetu ya kawaida inaanzia chini. Tafiti nyingi za NLR na nimonia ya kiharusi zimefanyika China na Ulaya, na mipaka waliyoiweka inatofautiana utafiti kwa utafiti. Kwa hiyo ukichukua mpaka wa huko ukaubandika ukutani Makete utawaacha watu wako nje. Mi natumia hivi, chini ya 3 nimetulia, 3 mpaka 5 namwangalia kwa karibu, zaidi ya 5 namhesabu ni wa hatari hata kama anaongea vizuri. Ni mipaka yangu ya kazi, usiinukuu kwenye ripoti.

VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta Njombe ndo juu nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa na Mbeya hazipo mbali sana. VVU isiyotibiwa inashusha limfosaiti, NLR inapanda bila nimonia yoyote. Kwa upande mwingine huyo huyo ndo kinga yake iko chini kweli, kwa hiyo usiitupe namba, isome tu ukijua chanzo, na kifua chake kikiwa na shida fikiria TB na vimelea vingine kabla hujasema ni nimonia ya kupaliwa.

Malaria inapandisha CRP na hata prokalsitonini. Mtu wa Kyela kwenye joto la ziwani au Mbarali kwenye mashamba ya mpunga sio sawa na mtu wa Kitulo. Na kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya kupona, muulize alitibiwa lini.

Steroidi zinapandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti ndani ya saa chache. Kama alipitia zahanati au duka la dawa akachomwa deksamethazoni kwa sababu ya kichwa kuuma, na hili linatokea sana, NLR yake haina kazi tena. Muulize ndugu: "Mama, kabla ya kuja hapa alichomwa sindano yoyote?" Wengi hawasemi mpaka uulize hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Degedege, kidonda cha mguu wa kisukari, UTI kwa aliyewekewa mpira wa mkojo, kuvunjika nyonga wakati anaanguka, yote yanapandisha. Mfunue mgonjwa mzima.

Hatua ya tano: usitumie damu peke yake

Changanya na A2DS2, skoo ya kukadiria hatari ya nimonia baada ya kiharusi. Hii skoo ilitengenezwa kwa data za wagonjwa wa Berlin mwaka 2012 na uzuri wake haihitaji maabara. Umri miaka 75 na kuendelea alama 1. Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yale ya atiria, alama 1. Shida ya kumeza 2. Mwanaume 1. Ukali wa kiharusi kwa NIHSS, kipimo cha alama za udhaifu anachofanyiwa mgonjwa kitandani: 0 mpaka 4 hana alama, 5 mpaka 15 anapata 3, 16 na kuendelea anapata 5. Jumla 10. Kule ilikotengenezwa mwenye sifuri alipata nimonia kwa asilimia 0.3 na mwenye 10 kwa asilimia 39.4.

Mzee wetu alikuwa na miaka 78, moyo unapiga ovyo, koo limefeli (tungelipima), mwanaume, NIHSS 14. Moja, moja, mbili, moja, tatu: 8. Na NLR 7 juu yake. Hapo hata ukiwa na usingizi wa zamu ya usiku hauhitaji mtu kukuambia huyu alitakiwa alale kitanda cha karibu na meza ya manesi.

Faida ya NLR naiona zaidi kwa yule wa katikati, A2DS2 ni 4 au 5, amepita kipimo cha maji lakini NLR ni 8. Huyo narudia kipimo cha kumeza siku inayofuata na sifungui chakula kigumu haraka.

Hatua ya sita: rudia, mwendo una maana kuliko namba moja

CRP inaanza kupanda saa 6 mpaka 8 baada ya kichochezi, inafika kileleni kama siku ya pili, na kichochezi kikiisha inashuka nusu kila saa 19 hivi. Kwa hiyo CRP ya saa ya pili tangu kiharusi ikiwa ndogo haimaanishi kitu. Rudia FBP na CRP saa 48 mpaka 72. Kiharusi chenyewe kikiwa ndo chanzo, unategemea itulie au ishuke. Ikiwa inapanda siku ya tatu na limfosaiti hazijarudi, msikilize kifua leo, usingoje homa. Wazee wengi hawapandishi homa kabisa, wanachanganyikiwa tu na kuhema haraka.

Bajeti ikiwa ndogo na ndugu wameshauza debe mbili za mahindi, rudia FBP peke yake kwa wale wa hatari, wengine waache.

Hatua ya saba: namba ikiwa mbaya unafanya nini

Hapa tunakosea wengi. Namba ikiwa mbaya mkono unaenda kwenye seftriaksoni, antibayotiki ya sindano. Tulia. Mwaka 2015 zilitoka tafiti mbili kubwa, PASS ya Uholanzi yenye wagonjwa zaidi ya 2,500 waliopewa au kutopewa seftriaksoni ya kinga kwa siku nne, na STROKE-INF ya Uingereza yenye zaidi ya 1,200 wenye shida ya kumeza. Antibayotiki ya kinga haikuwafanya wapone vizuri zaidi, na ya Uingereza haikupunguza hata nimonia yenyewe. Halafu 2017 Ulaya wakajaribu kutumia prokalsitonini kuamua nani aanzishiwe dawa, matokeo ya mgonjwa baada ya miezi mitatu yakawa yale yale. Kwa hiyo namba ya damu haianzishi antibayotiki, inakuonyesha wa kumlinda.

Kumlinda maana yake nini? Asipewe kitu mdomoni mpaka apite. Mpira wa puani kama amefeli, na uhakikishe uko tumboni kabla ya kulisha, na ujue mpira hauzuii mate kupaliwa. Pumzi, joto na oksijeni kila saa nne, ziandikwe. Mswaki. Sukari na homa visimamiwe: utafiti wa Australia wa mwaka 2011 ulichukua vitengo 19, manesi wa baadhi yake wakapewa utaratibu wa mambo matatu tu, homa, sukari na kumeza, kwao waliokufa au kubaki tegemezi siku ya 90 wakawa asilimia 42, kwenye vitengo vingine 58. Mashine mpya hapo hamna, ni karatasi na manesi.

Kuhusu kuinua kichwa cha kitanda, tunafundishwa nyuzi 30 kama amri. Utafiti wa HeadPoST wa 2017, watu zaidi ya 11,000, kulala chali au kuinuliwa saa 24 za kwanza hakukuleta tofauti kwenye nimonia. Mi bado nainua ila siridhiki na hilo peke yake. Wakati wa kulisha ni habari nyingine, hapo wima kabisa.

Oksijeni soma kwa akili ya huku. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, mzee mzima wa afya anaweza kukaa 94 au 95 na asiwe na shida, kwa hiyo muhimu ni ameshuka kutoka kwenye yake ya jana. Na Juni Julai vidole vikiwa vya baridi oksimita inasoma uongo, msugue mikono kwanza au weka kwenye ndewe ya sikio.

Antibayotiki inaanza pale dalili zinapojikusanya: homa au kuhema zaidi ya kawaida, makohozi machafu, kifua kinachemka, oksijeni imeshuka, chembe nyeupe zimepanda, picha ina doa. Picha ya kwanza inaweza kuwa safi, rudia baada ya siku mbili ikiwa bado unashuku. Zikishajikusanya usichelewe, fuata mwongozo wa taifa wa matibabu.

Hatua ya nane, ya ndugu

Siku ya pili ya yule mzee binti yake alikuja na chupa ya chai na uji wa ulezi. Akaniambia, "Daktari, baba hajala tangu juzi, atakufa na njaa." Nikamjibu, "Dada, subiri kidogo nitakuja kuangalia," nikaitwa leba, sikurudi. Akamlisha akiwa amelala, kijiko kwa kijiko, kwa upendo kabisa, na mimi ndo wa kulaumiwa kwa sababu sikumwambia KWA NINI asubiri.

Kwa hiyo siku hizi nasema hivi, kwa maneno haya: "Mama, koo la mzee limepooza kama mkono ulivyopooza. Uji ukiingia utashuka kwenye mapafu. Tumeweka mpira, kazi yako wewe ni mdomo." Halafu nampa kazi kweli. Mswaki laini mara mbili au tatu kwa siku, meno ya bandia yatoke, mdomo upanguswe kwa kitambaa cha gozi (gauze) chenye unyevu, mate yasikae shavuni upande uliopooza. Akiruhusiwa kula akae wima, mlo uwe mzito kidogo kama mtori uliosagwa na sio chai nyepesi, kijiko kidogo upande ulio mzima, ameze ndo apewe kingine, asiongee na redio izimwe, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Sauti ikibadilika acha hapo hapo uite nesi.

Daftari

Nunua kauntabuku. Safu saba tu: tarehe, umri, A2DS2, NLR ya siku ya kwanza, NLR ya siku ya tatu, VVU au steroidi, nimonia ndiyo au hapana. Majina usiandike. Kwa kuwa mipaka ya wenzetu haikutengenezwa kwa damu ya watu wa huku, ukifikisha mistari mia ya wodi yako utajua mpaka wako uko wapi kuliko mimi ninavyoweza kukuambia. Mzee wa Tukuyu ndo mstari wangu wa kwanza, 78, nane, saba, siku ya tatu hatukupima kwa hiyo pana nafasi tupu, hapana, ndiyo. Alikaa wiki tatu, akatoka na mkongojo, binti yake akimshika upande wa kulia.